Masurufu ya Mwanafunzi Msafiri



Katika Surat al-Baqara, pahali panapotajwa safari ya Hija, wasafiri wameamrishwa kuchukua masurufu, na wakafundishwa ya kuwa masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Wanavyuoni, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, wameeleza sababu yake: walikuwako watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakidai ya kuwa wamemtegemea Mungu, walipofika Makka wakawa waombaji. Fundisho hilo si la mahujaji peke yao. Kijana atokaye Nyamirambo au Biryogo kwenda kusoma ugenini naye ni msafiri, na tawakali isiyo na matayarisho humfikisha pale pale.

Jambo hili ni zito kwa Waislamu wa Kigali kwa ajili ya historia yao. Mji ulianzishwa mwaka 1907, na msikiti wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913. Lakini zama za Wabelgiji skuli zilikuwa karibu zote mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wasije wakabadilishwa dini. Watoto wakapata chuo cha Kurani na biashara, wakakosa ukarani, udaktari na uanasheria. Kwa hiyo kijana asafiriye leo hubeba matumaini ya watu wengi, na akirudi bila kitu hasara si yake peke yake.

Masurufu ya kwanza ni kukijua chuo kabla ya kukiendea. Kiko Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961. Iko Al-Azhar ya Cairo, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Na karibu zaidi kiko Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988. Lakini jina tukufu halitoshi. Shahada ya ugenini hupelekwa mbele ya Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda ili ithibitishwe ya kuwa yalingana na shahada za nchini. Basi kabla mzazi hajauza kiwanja, na aulize mambo matatu: Je, chuo kinatambuliwa na serikali ya nchi kilipo? Je, somo lenyewe linatambuliwa? Na waliohitimu hapo wanafanya kazi gani leo? Na mtu ajaye na habari ya nafasi, akataka fedha kabla ya kuonyesha barua ya chuo, huyo ni wa kuepukwa. Msaada wa masomo wa kweli hauuzwi barazani.

Masurufu ya pili ni lugha. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kishike mahali pa Kifaransa katika kufundisha, kijana aendaye Mbale ana msingi wa kuanzia. Aendaye Madina yampasa ajue ya kuwa wasiokijua Kiarabu huanza kwanza katika chuo cha lugha. Kusoma Kurani kwa tajwidi ni neema kubwa, walakini si sawa na kufahamu mhadhara wa fikihi na kuandika majibu ya mtihani. Na Kiswahili, ambacho wazee wa Biryogo walikihifadhi hata kikafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, kitampatia ndugu na jamaa Morogoro au Unguja. Lakini hata huko masomo mengi ya chuo kikuu husomeshwa kwa Kiingereza.

Masurufu ya tatu ni hati. Vijana wengi hukwama kwa jambo dogo: kitambulisho chasema Hamisi, cheti cha skuli chasema Khamis, na pasipoti ina jina la babu lisilokuwamo kwingineko. Marekebisho ya jina huchukua muda, basi yaanzwe mapema, wala yasingojee barua ya chuo. Tangu Juni 2024 Mkataba wa Apostili umeanza kutumika Rwanda, hivyo muhuri mmoja hutosha kwa nchi zilizomo katika mkataba huo. Kwa nchi nyingine hati hupitia ubalozini kama zamani. Na kila hati iwe na nakala tatu: moja kwa msafiri, moja kwa mzazi, na moja katika hifadhi ya kompyuta.

Masurufu ya nne ni fedha ya kurudia. Wengi hukusanya nauli ya kwenda na karo ya mwaka wa kwanza, wakamwachia Mungu yaliyobaki. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, haukufunguliwa ila Januari 2022, na Mbale, iliyokuwa safari ya basi, ikawa mbali. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, vyuo vilifungwa na wanafunzi wakatawanyika. Baadhi ya Wasudani waliokuwa wakisomea udaktari walikuja kuendeleza masomo yao hapa Kigali. Aliyekuwa ametoka na matokeo yake ya kila mwaka aliweza kuonyesha alikofika; aliyeyaacha alikuwa na kazi ngumu ya kuyathibitisha. Kwa hiyo mwanafunzi na achukue matokeo yake kila mwaka, ajiandikishe ubalozini, na akiba ya nauli ya kurudi isiguswe.

Ama ucha Mungu, hayo ndiyo masurufu yanayoyalinda mengine yote. Kijana, mvulana kwa msichana, ajifunze kupika, kufua na kuandika hesabu yake kabla ya kuondoka, ili shida isimpeleke kwa marafiki wabaya.

Jumuiya nayo ina wajibu wake. Waliokwisha kusoma ugenini wako mitaani. Na waandikwe katika daftari moja, kila mmoja akabidhiwe kijana wa kumwongoza. Darasa la Kiarabu na Kiingereza baada ya Magharibi halihitaji jengo jipya. Na wazee watatu wenye kujua mambo waweza kuzisoma barua za vyuo kabla mzazi hajatoa fedha. Kazi hizo ni ndogo, na ndizo zitakazowarudisha vijana na elimu yenye manufaa.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wa Kigali, awafikishe salama, na awarudishe kwa wazazi wao wakiwa na heri. Amin.