Yule anayezima ekrani wakati anafungwa: maneno yetu mbele ya vijana wa Beni



Kuko watu walituuliza: ninyi wa harakati ya wanainchi, kila siku mnaongeaka juu ya usalama, maji na umeme. Leo mnakuja kuongea juu ya michezo ya simu, Pleyi na mpira? Jibu letu ni fupi. Vijana wengi tunaowatafuta hatuwapati kwenye mikutano. Tunawapataka mbele ya ekrani. Wanalipa mechi, wanabishana, wanacheka. Wazazi wanasema wamepotea. Na wao wenyewe wanatuambia: "Sisi siasa hapana, sisi tunacheza tu."

Tumekuja kuwaambia kama wale vijana hawakupotea. Kuko kitu wanajua kuliko wakubwa wengi wa inchi hii: wanajua kanuni.

Angalieni wawili wanaocheza mpira kwenye Pleyi. Kanuni ni moja kwa wote wawili. Skori iko juu ya ekrani, kila mtu aliyesimama nyuma anaiona. Na kama mmoja amefungwa magoli matatu, halafu ananyosha mkono na kuzima mashine, watu wote wanapiga makelele. Hakuna anayemuita fundi. Wanamuita mwizi. Hata mtoto wa miaka kumi anajua hii.

Basi tutumie hii akili ya mchezo kwa kuangalia inchi yetu.

Tarehe 30 Desemba 2018 Wakongomani walipiga kura ya rais. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa. Ilirudi karibu siku 20 nyuma yake, mu Januari 2019. Sababu tuliyoambiwa ni kuzuia matokeo ya uongo yasitembee mitaani. Lakini ni wakati gani walikata? Ni wakati kura zilikuwa zinahesabiwa. Ekrani ilizimwa wakati skori inaandikwa. Na haikuwa mara ya kwanza: mu Januari 2015, wakati wanafunzi na raia walitoka barabarani kukataa mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa vilevile.

Kwetu hapa Beni ilikuwa zaidi ya kuzima ekrani. Sisi tulitolewa uwanjani mbele ya mechi kuanza. Siku ine tu mbele ya kura, tume ya uchaguzi ilitangaza kama Beni, Butembo na Yumbi watapiga kura mu Machi 2019. Kwa upande wetu walisema ni juu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapa tarehe 24 Januari. Sasa kura yetu ya rais ya mwezi wa tatu ilikuwa ya kuchagua nani? Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Ni kura tu ndiyo ilikuwa na ugonjwa.

Mnakumbuka vijana wa muji huu walifanya nini. Tarehe 30 Desemba walipanga uchaguzi wao wenyewe. Watu walisimama mistari, wakanawa mikono kama inavyoombwa wakati wa Ebola, wakatia karatasi zao mu sanduku. Kuko waliosema ule ni mchezo wa watoto. Ndiyo, ulikuwa mchezo, haukuhesabiwa popote. Lakini ulionyesha kitu kimoja wazi: inawezekana watu kunawa mikono na kupiga kura siku moja. Mchezo ulisema ukweli ambao tangazo la wakubwa lilikuwa linaficha.

Tuje kwenye simu, juu hapo ndipo kila mtu aliumia mfukoni. Kuanzia 2020 walileta RAM, kodi ya kuandikisha simu. Walisema ni ya kupigana na simu za bandia na simu za kuibwa. Mwenye simu ya kawaida alikatwa karibu dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya intaneti dola 7. Ilikuwa inakatwa ndani ya inite zako, bila kukuuliza. Unanunua inite asubuhi kwa kupigia mama yako, saa ya kupiga unaambiwa hazitoshi. Sisi tulio na diploma bila kazi, ambao kila mega tunaihesabu mbele ya kutuma ombi la kazi, tulijua uzito wa zile dola 7.

Sasa kanuni inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Raia waliuliza: sheria ya RAM iko wapi, ilipitishwa lini bungeni, na pesa zinaenda wapi? Waliuliza kwenye simu zilezile zilizokuwa zinakatwa. Wengine waliandamana. Swali liliingia hata bungeni, na mu 2022 RAM ikaondolewa. Swali la pesa bado tunaliuliza mpaka leo. Lakini wekeni hii akilini: kodi ilianguka, na haikuangushwa na bunduki. Iliangushwa na watu waliosoma kanuni na wakakataa kunyamaza.

Mtatuambia: muache mpira na muziki vipumue, msitie siasa kila pahali. Tunaelewa, hata sisi tunapenda kupumua. Lakini kumbukeni tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, demi-finali ya Kombe la Afrika mbele ya Ivory Coast. Wakati wa wimbo wa taifa, Leopards wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka kwenye kichwa kama bunduki. Mechi ile tulifungwa 1-0. Lakini watu ambao hawajasikia jina la Beni hata siku moja waliuliza: hawa wanaonyesha nini? Wachezaji hawakuacha kuwa wachezaji. Walitumia ekrani iliyokuwa mbele yao.

Na hata mashine yenyewe tunayochezea, kipande chake kinatoka kwetu. Ndani ya koltani munatoka tantali, na tantali inatengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na Pleyi. Mu 2011 kulitoka mchezo wa simu unaoitwa Phone Story, uliotungwa na Molleindustria wa Italia. Ulianzia mu machimbo ya koltani ya Kongo: anayecheza alipewa kazi ya kusimamia watoto wanaochimba chini ya bunduki. Apple waliutoa dukani mwao mu siku chache. Ona basi: mchezo juu ya watoto wa Kongo ulitungwa mbali, ukafutwa mbali, na sisi hatukuulizwa popote. Wengine huko inje wanasema vita yetu ni "vita ya Pleyi". Hapana. Vita ya pili ilianza Agosti 1998, Pleyi ya pili ilitoka 2000. Bei ya madini iliongeza mafuta kwenye moto, lakini moto uliwashwa na watu wenye majina, wenye vyeo na mipaka ya kuvuka. Tusikubali mashine ichukue kosa la watu.

Ndiyo maana tunaomba mambo matatu.

Kwa Leta: intaneti isikatwe tena wakati wa kura wala wakati wa maandamano. Kifungu cha 23 kinatupa uhuru wa kusema, cha 24 haki ya kupata habari. Anayezikata aseme mbele ya wote ni kwa sheria gani.

Kwa wabunge wetu: kila kodi ya simu ipite kwenu, na hesabu yake isomwe mbele ya raia.

Kwa ninyi vijana: hatuwaombi muache kucheza. Chezeni. Lakini mtu akiwaambia siasa si yenu, mumuulize nani anaamua bei ya mega, saa ya umeme, na siku ya kuzima intaneti. Chukueni Katiba, iko kwenye simu, haipite uzito wa mchezo mmoja. Someni vifungu vitatu tu tulivyotaja hapa, halafu mumsomee rafiki mnayecheza naye. Tutakuwa hapa baada ya mkutano kwa kuisoma pamoja na wale wasioelewa Kifaransa chake.

Inchi ni yetu, na skori lazima tuione wote.