Mlango Uliofunguliwa



Tumesikia habari za Paulo na Sila katika Matendo ya Mitume, sura ya 16. Walipigwa bakora, wakatiwa miguu katika mikatale. Hata usiku wa manane wakaimba. Nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, wala hawakukimbia. Mlinzi alitaka kujiua, Paulo akamzuia. Naye akawaosha majeraha, akabatizwa usiku ule ule.

Kwetu sisi watu wa Magila habari hii si ngeni. Katika vita vya 1914 hata 1918, mapadre na waalimu wetu walikamatwa na serikali ya Kijerumani, wakafungwa minyororo, wengine wakafikishwa hata Tabora, mpaka mji ule ulipotwaliwa mwaka 1916. Nao waliorudi wakashika tena kazi ya kufundisha.

Basi, sisi tukifunguliwa mlango, twautumiaje uhuru wetu? Mwalimu aliyeonewa na jirani, je, amlipize mtoto wake darasani? Mkristo aliyeshinda shauri la shamba, je, amnyime mshinde maji ya kisima? Paulo, minyororo ilipoanguka, kwanza alimwokoa aliyemfunga. Kila mmoja wetu anamjua aliyemtesa. Tumwendee leo, kabla ya kuijia Meza ya Bwana.