Mwulizeni Daktari Habari za Ubongo

Wasikilizaji wa Lulindi, Masasi na Newala,

Mgonjwa akirudi kijijini kutoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, sote humtazama kifua. Kidonda kimefunga? Anapumua vizuri? Jioni hii naomba tuongeze swali: kichwani anaendeleaje?

Dk. Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935 na kupasua wagonjwa hapa hapa Lulindi, hangeweza kuulizwa hilo wakati ule, maana moyo haukuweza bado kusimamishwa ukatengenezwa. Mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu ilifanikiwa kwa binadamu Mei 1953, mikononi mwa John Gibbon huko Philadelphia, Marekani. Hospitali ya Muhimbili ikaanza upasuaji wa moyo wa namna hiyo mwaka 2008. Mashine nyingine ya jamii hiyo, ekmo, humshikilia mgonjwa mahututi kwa siku kadhaa, hata wiki.

Mashine hizi zinaokoa watu, nami nazishukuru. Lakini ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, na unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine hutaka kuganda, na bonge dogo likipanda kichwani ni kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande, na dawa hiyo hiyo huongeza hatari ya damu kuvujia ubongoni. Tena kabonidayoksaidi ikiondolewa haraka mno kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana, damu ikapungua humo. Mgonjwa wa ekmo mara nyingi yuko kwenye usingizi wa dawa, hawezi kusema kwamba mkono umekufa ganzi. Muuguzi anayemmulika mboni za macho usiku kucha analinda utu wa mtu huyo.

Sasa tuje nyumbani. Aliyepona anaweza kuwa msahaulifu, akakasirika upesi, au msimu wa korosho akashindwa kukumbuka kilo alizopeleka ghalani. Jamani, tusimwite mvivu, wala tusiseme karogwa. Kwa wengi hali hii hupungua kadiri miezi inavyopita. Wengine huhitaji matibabu zaidi. Mpelekeni hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda, mkaeleze alivyokuwa zamani na alivyo sasa, kwa sababu daktari hakumjua kabla ya ugonjwa, ninyi mlimjua. Na mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msingoje kupambazuke. Tafuteni usafiri saa hiyo hiyo.

Mjomba, huku kwetu kauli ya ukoo iko kwako. Siku mgonjwa anaporuhusiwa, usitosheke kuambiwa moyo unadunda vizuri. Uliza kama ubongo wake umepimwa, dalili gani mziangalie, na lini arudi. Hiyo ni haki yake, na daktari mwema atafurahi kukujibu.