Miaka Miwili ya Hiari

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunajiusia nafsi zetu pamoja nanyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo twazungumza na kila aliyewekwa juu ya wafanyakazi: meneja wa kiwanda, mwenye duka, nahodha wa jahazi, hata mama mwenye mtumishi mmoja nyumbani. Mara nyingi twawasikia wakilalamika kwamba watu hawana moyo wa kazi; bwana akigeuka, kazi husimama. Je, moyo huo hupatikanaje?

Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Qasas, yatusimulia Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipofika Madyan, mkimbizi asiye na kitu. Mzee mwema wa huko akataka kumwajiri. Tazameni alivyofanya. Alitaja malipo, nayo ni kumwoza mmoja wa binti zake wawili. Alitaja muda, miaka minane. Kisha akamwambia kwamba akitimiza kumi, hiyo ni hisani yake mwenyewe, wala yeye hataki kumtaabisha. Musa asingelaumiwa lau angeondoka baada ya minane. Lakini Ibn Abbas, Mungu awe radhi naye, alipoulizwa habari hiyo, alijibu kuwa Musa alitimiza muda ulio mrefu zaidi.

Ile minane ilikuwa haki ya mwajiri. Miwili ilikuwa zawadi ya moyo. Hakuna bwana awezaye kuidai zawadi hiyo. Aweza tu kuistahili. Nasi wengi wetu twaitaka miwili kabla hatujailipa minane! Mtume, rehema na amani zimshukie, ameagiza kibarua alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaipata kazi yake timamu, asimpe ujira wake.

Tuseme na la kwetu. Katika madrasa moja tuliyoisimamia, walimu walikaa miezi mitatu bila posho. Mwisho wa mwaka tukafanya hafla, tukamtunuku mwalimu mmoja hati ya sifa mbele ya wazazi. Aliipokea kwa adabu. Baadaye, faraghani, akatuambia: "Maalim, nimeshukuru. Lakini mwenye duka ananidai, naye hapokei hati." Tuliinamisha kichwa, kwani gharama za hafla zilitoka katika mfuko uleule wa posho.

Baada ya ujira, ulimi. Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, asisikie kwake hata guno la kuchoshwa naye. Neno la karaha mbele ya watu huvunja moyo ambao nyongeza ya mshahara haiuungi.

Nawe mfanyakazi, upungufu wa bwana si ruhusa ya kuiba muda wake. Dai haki yako, na amana uitimize.

Basi kila mmoja wetu akirudi kwake leo ajiulize: ni nani ninayemdai bidii, hali yeye ananidai ujira? Akimpata, amlipe kabla ya kumhimiza.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi, nanyi, na Waislamu wote. Amin.