Kukoma kwa Hedhi, Kisukari na Dawa za Homoni: Tupime Kwanza

(Mada iliyotolewa katika darsa la akina mama)



Waarabu huuita umri ambao hedhi ya mwanamke hukoma sinnul-ya'si, yaani umri wa kukata tamaa. Katika fiqhi maana yake ni finyu: mwanamke amekata tamaa ya kuiona hedhi tena, basi. Sisi tumeipanua tamaa hiyo mpaka ikaifunika afya yake nzima. Mama akisema hapati usingizi, kwamba kanga yake inalowa jasho usiku wa manane, huambiwa ni uzee, asubiri. Na ikiwa ana kisukari, kila analolalamikia huambiwa ni sukari. Nimeombwa nizungumzie dawa za homoni ambazo baadhi yenu mmekwisha kuzisikia, na wengine mmekwisha kuzimeza. Mimi si tabibu. Niliyonayo nimeyasoma na kuyauliza kwa wenye elimu yake.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja mwenye kisukari, ambaye hedhi yake ilikuwa imekoma kwa muda wa miaka mitatu, kisha akaona damu. Aliniuliza: je, aswali au asiswali? Nikamfafanulia hukumu ya istihadha, udhu wake na swala yake, naye akaondoka akiwa ameridhika, nami nikaridhika zaidi kwamba nimejibu vizuri. Sikumuuliza chochote kuhusu mwili wake. Baadaye alipofika hospitali ilibainika kwamba alikuwa akimeza vidonge vya estrojeni alivyoletewa na jamaa yake kutoka Maskati, na kwamba ngozi ya ndani ya mfuko wake wa uzazi ilikuwa imenenepa isivyo kawaida. Alhamdulillahi, haikuwa imefikia saratani. Yule jamaa wa Maskati alikuwa ameondolewa kizazi kwa upasuaji, hivyo estrojeni peke yake ilimfaa. Mama yetu kizazi anacho, na mwenye kizazi hapewi estrojeni bila ya kuambatanishwa na homoni ya pili, projesteroni au jamaa yake, ili kuilinda ngozi hiyo. Tangu siku hiyo, anayeniuliza juu ya damu iliyokuja baada ya mwaka mzima wa ukavu, namjibu ya swala, kisha namwambia aende hospitali bila kuchelewa.

Sasa tuje kwenye kisukari. Homoni ya estrojeni inapopungua, mwanamke hupatwa na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho, na mapigo ya moyo kwenda mbio. Tazameni jinsi dalili hizi zinavyofanana na za mtu ambaye sukari yake imeshuka! Mama anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kukosea pande zote mbili. Akidhani kila joto ni kushuka kwa sukari, atakunywa soda na chai tamu mara nne kwa siku, na sukari yake itapanda hata daktari astaajabu. Akidhani kila jasho ni la umri, ataipuuza sukari iliyoshuka kweli, na huenda akazimia usingizini. Njia ya kutofautisha ni moja tu: kipimo. Weka mashine ya kupima sukari karibu na kitanda, na jasho likija, pima. Ikiwa chini ya 4, hiyo ni sukari, ule kitu kitamu mara moja. Na hili likitokea alasiri ya Ramadhani, funga hukatwa papo hapo, asingojee adhana. (Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kiasi hicho, lakini wengi wenu mnachanganya dawa mbili.)

Ama hizo dawa za homoni, khofu iliyoenea juu yake ina asili inayojulikana. Nchini Marekani ulifanywa utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Mwezi Julai 2002 sehemu yake iliyohusu wanawake 16,608 waliopewa ama estrojeni pamoja na projestini ama kidonge kisicho na dawa ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia dawa walizidi kwa 8 waliopata kiharusi, 8 waliopata saratani ya matiti, 8 waliopata bonge la damu mapafuni, na 7 waliopata maradhi ya moyo. Ilhali waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Dunia ikatishika, na mamilioni wakaziacha dawa hizo. Kilichosahaulika ni kwamba wanawake hao walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, wengi wao zaidi ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na kwamba dawa yao ilikuwa ya kumeza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha mizani nzuri zaidi kwa aliyeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 ya kukoma hedhi. Novemba 2025 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililokuwa juu ya dawa hizi, ingawa lile la estrojeni peke yake kwa mwenye kizazi walilibakisha.

Basi wapo watakaosema: khofu imeondoka, tumeze. Hapa ndipo mwenye kisukari anapotakiwa kusimama. Katika utafiti ule ule waliotumia homoni walipatwa na kisukari kipya kwa uchache zaidi, pungufu ya takriban moja ya tano, na majaribio mengine yameonyesha sukari ya wenye maradhi hayo ikiboreka kidogo. Ni kweli, lakini hakuna tabibu mwadilifu atakayekupa homoni kama dawa ya kisukari. Wenye kisukari katika utafiti ule walikuwa wachache. Na kisukari huichakaza mishipa ya damu; mwanamke wa miaka 52 aliyeishi nacho miaka 15, mwenye shinikizo la damu na figo zilizoanza kuchoka, mishipa yake haina umri wa miaka 52. Kanuni ya miaka 60 haikuandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo njia ya kuitumia dawa ina uzito mkubwa kwake. Kidonge cha kumezwa hupita kwanza kwenye ini, na humo huchochea vile vinavyogandisha damu, na huweza kupandisha mafuta ya trigliseridi, ambayo kwa wengi wenye kisukari tayari yako juu. Estrojeni ya plasta au ya jeli, inayopita ngozini, hulikwepa ini, na kwa kipimo cha kawaida haikuonekana kuzidisha damu kuganda kama ifanyavyo ile ya kumeza. Mwenye kisukari akishauriwa homoni, aulize: je, ya ngozi inapatikana? Vidonge vya uzazi wa mpango si badala yake. Estrojeni iliyomo humo kwa kawaida ina nguvu zaidi.

Aliyepata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au kuganda kwa damu, mwenye maradhi makali ya ini, au mwenye damu isiyojulikana asili yake, kwa kawaida hapewi. Kwake zipo dawa zisizo za homoni za kupunguza joto. Na ambaye shida yake ni ukavu wa sehemu za siri na maambukizi ya mkojo yasiyokwisha, jambo linalowasumbua sana wenye kisukari, estrojeni kidogo ya kupaka humo ndani huingia kwa uchache mno katika damu, na wengi waliokatazwa plasta huruhusiwa hiyo. Mama wengi huona haya kulitaja hili hata mbele ya daktari wa kike, wakaishi miaka wakinunua dawa za mkojo.

Mkienda hospitali chukueni daftari la sukari la wiki mbili, majina ya dawa zote mnazotumia zikiwemo za mitishamba, na mwaka hedhi ilipokoma. Ombeni kupimwa shinikizo la damu, mafuta na figo kabla ya dawa, na mkishaianza, mrudi kila mwaka kuuliza kama bado inahitajika.

Sasa nawaachia nafasi ya maswali. Mwenye swali asilotaka kulitamka, aliandike kwenye karatasi bila jina.