Florida A&M, 1978: Ubingwa Uliopatikana Uwanjani



Tarehe 16 Desemba 1978, mjini Wichita Falls, Texas, Chuo Kikuu cha Florida A&M kiliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Massachusetts 35 kwa 28. Kikatwaa ubingwa wa kwanza wa daraja la I-AA, ambalo chama cha michezo ya vyuo cha Marekani, NCAA, kilikuwa kimelianzisha mwaka huohuo. Mchezo ni ile futiboli ya Kimarekani, ya helmeti na mpira wa kubebwa mikononi. Florida A&M ni chuo cha Weusi, na ushindi wake ule nauweka juu ya mataji yake yote ya awali, kwa sababu ulipatikana uwanjani.

Chuo hicho kilifunguliwa Tallahassee mwaka 1887 kikiwa na wanafunzi 15 na walimu wawili, wakati Florida haikuruhusu kijana Mweusi na Mzungu wakae darasa moja. Utengano huo ulitawala viwanjani pia. Vyuo vya Weusi vilicheza vyenyewe kwa vyenyewe, na bingwa wao alitangazwa na magazeti ya Weusi, hasa Pittsburgh Courier. Jake Gaither, aliyekuwa kocha mkuu wa Florida A&M kuanzia 1945 hadi 1969, alishinda mechi 203 na kupoteza 36 tu. Miongoni mwa vijana wake alikuwamo Bob Hayes, aliyetwaa dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Dunia nzima ilimwona Hayes akikimbia na watu wa kila rangi, lakini timu yake ya chuo ilikuwa bado haijaruhusiwa kucheza na timu ya Wazungu ya jimbo lake yenyewe! Ruhusa ilikuja Gaither akiwa mlangoni pa kustaafu: Novemba 1969 alikutana na Chuo Kikuu cha Tampa, akashinda 34 kwa 28.

Kilichofuata kinaniuma hadi leo. Vyuo vikubwa vya Wazungu vya Kusini vilipoanza kupokea wachezaji Weusi, viliwachukua walio bora, na vile vilivyokuwa vimewalea vizazi kwa vizazi vikabaki na bajeti zao finyu. Haki ilitendeka kwa kijana mmojammoja, na ni haki ninayosimama nayo bega kwa bega. Lakini vyuo vya Weusi havikulipwa chochote kwa vilichopoteza.

Ndiyo hali aliyoikuta kocha Rudy Hubbard alipofika Tallahassee mwaka 1974, akitokea Ohio State, alikocheza na kisha kufundisha chini ya kocha Woody Hayes. Msimu wa 1977 timu yake ilishinda mechi zote 11. Mwaka uliofuata ikapoteza moja tu, mbele ya Tennessee State, chuo kingine cha Weusi. Timu nne ndizo zilizoitwa kwenye mtoano wa I-AA, na mbili kati yake zilikuwa za Weusi. Katika nusu fainali Florida A&M iliwafuata Jackson State nyumbani kwao Mississippi, ikawatoa 15 kwa 10.

Fainali nayo ilikuwa ya mbio. Katika mchezo huu timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Wengi hupendelea kurusha mpira mbali ili kuruka hatua hizo. Florida A&M waliamua kukimbia nao, wakipenya katikati ya miili ya mabeki, yadi baada ya yadi. Mike Solomon peke yake alikimbia yadi 207. Mabeki wa Massachusetts walijua kinachokuja, na hawakuweza kukizuia.

Kama kuna aliyedhani ni bahati, mwaka 1979 timu ya Chuo Kikuu cha Miami ilikwenda Tallahassee, ikafungwa 16 kwa 13. Ni Miami hiyohiyo iliyokuja kuwa bingwa wa taifa mwaka 1983.

Tangu siku ile ya Wichita Falls, hakuna chuo kingine cha Weusi kilichotwaa taji hilo. Sababu kubwa ni fedha na wachezaji waliohama. Tena tangu 2015 mabingwa wa ligi kuu mbili za vyuo hivyo hukutana Atlanta katika mechi yao wenyewe, inayowaletea watazamaji na mapato, badala ya kuingia kwenye mtoano. Siwalaumu hata kidogo; Florida A&M wenyewe walishinda mechi hiyo mwaka 2023, wakiifunga Howard 30 kwa 26.

Hubbard aliingizwa katika Jumba la Heshima la futiboli ya vyuo mwaka 2021, miaka 43 baada ya ubingwa ule. Ucheleweshaji huo haukuwa na udhuru.