Kazi ya Pamoja kwa Simu

Mwaka 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa hati zao za ukimbizi. Leo mafundi cherehani wa Nsambya, Kampala, wanaweza kupanga kazi katika kundi la WhatsApp.

Lakini kundi bila utaratibu huleta ugomvi: oda moja inashonwa mara mbili, pesa haijulikani iko kwa nani. Basi mchagueni mmoja aandike kila jioni: nani anashona nini, itakwisha lini, shilingi ngapi zimeingia. Mwenye katochi atumiwe ujumbe mfupi. Asiyejua kusoma apigiwe simu. Namba ya siri ya pesa msiiweke kundini kamwe.